Uzi wa Mama Sikujua

Miaka nenda rudi Mama Sikujua wa mtaa wa Tshopo alifuma peke yake, kwa sindano zilizotengenezwa kwa njiti za gurudumu la toleka, baiskeli ya abiria aliyoiacha marehemu mumewe. Kofia ya mtoto ikikamilika, hakuna aliyeitaka. Aliifumua, akaanza upya kwa uzi uleule. Majirani walicheka: sufu, na joto hili!

Mwaka huu mwanafunzi Priscille aliomba kufundishwa, akaleta wenzake. Sasa kila Jumamosi barza, kibaraza cha nyumba yake, inajaa wasichana, soga na mikoba wanayoifuma, ambayo ndiyo fasheni ya mji.

Juzi Mama Sikujua alimaliza kofia, vidole vikaanza kuifumua kwa mazoea. Priscille akaidaka.

“Hapana, Mama! Hii iko ya mutoto ya dada yangu.”

Mama Sikujua akachungulia kikapu chake cha uzi; kilikuwa kitupu.

“Bon, uzi imeisha,” akasema. “Aksanti Mungu.”