Daftari za Fransisko

Yustina wa Mafiga aliuza vitumbua stesheni ya Morogoro tangu mwanawe wa pekee, Fransisko, hajaanza shule. Abiria walinunua kupitia madirisha, wakala, wakatupa karatasi alizofungia. Mkuu wa stesheni alikwisha kuwaonya wauzaji: atakayeacha takataka asirudi tena. Basi kila treni ilipoondoka, Yustina aliinama akaokota karatasi moja moja, akaenda kuzifukia katika shimo la mboji nyuma ya nyumba, pamoja na maganda ya ndizi, majivu na mavi ya kuku. Mchicha wake ulisifika mtaa mzima.

Mwaka ule wa 1979 karatasi iliadimika kama sabuni. Noordin, mwenye duka aliyezoea kumuuzia magazeti ya zamani, alimwonyesha viganja vitupu.

"Mama Fransisko, gazeti lenyewe siku hizi limekonda kuliko mimi. Nikuuzie nini?"

Yustina hakucheka. Tangu ilipokuja barua ya jeshi kwamba Fransisko amefia vitani Uganda, hakuwa amecheka wala kulia. Watu walimpa pole, naye akaitikia kama mtu anayejibu hodi iliyopigwa nyumba ya jirani. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Yustina yeye hata kovu halikuonekana.

Kesho yake alivuta sanduku la mwanawe kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na daftari kumi na tisa za sekondari. Akachukua ya juu, ya Jiografia, akachana ukurasa, akafunga vitumbua vitatu. Mafuta yakapenya, maandishi yakaonekana hadi upande wa pili. Akasubiri moyo umwume. Haukumwuma. Akafunga vingine.

Jiografia ikaisha, ikafuata Historia, kisha Kilimo. Kila treni ilipoondoka aliziokota zikiwa zimelowa mafuta, akazifukia. Shimoni wino ulitangulia kupotea. Karatasi ikafuata baada ya wiki chache.

Jumamosi moja jirani yake, Mwanaasha, alikuja kuomba mchicha, akamkuta anachana.

"Shoga, huo si mwandiko wa Fransisko?"

"Ndiyo."

"Umepatwa na nini wewe! Zimebaki ngapi?"

"Nne."

"Na zikiisha?"

"Zikiisha zimeisha. Vitumbua haviuzwi uchi."

"Uchi, eti! Kwa hiyo mtoto mzima umgawe kwa abiria?"

Yustina aliutazama ukurasa. "Nilidhani nikizichana nitalia," alisema. "Nimekwisha chana kumi na tano."

Mwanaasha aliinuka. Akatoka bila mchicha. Punde akarudi na majani ya migomba yake, akayababua kwenye moto wa Yustina moja moja mpaka yakalegea, akayapasua vipande.

"Abiria watasema tumeshuka mlimani leo na majani yetu," Yustina alisema.

"Waseme. Kwani njaa inachagua kifungashio? Lete vitumbua hapa."

Wakafunga pamoja. Kisha Yustina akazirudisha daftari nne sandukuni, na ule ukurasa uliochanwa akauweka juu yake. Hakuhisi kitu.

"Mama Fransisko, treni hiyo!" Mwanaasha aliita kutoka nje.

Yustina alishika sinia, akaliweka tena chini. Akarudi chumbani, akalifunga sanduku kwa kufuli, ingawa nyumba ile haikuwa na mtu mwingine wa kulifungua.