Uvimbe wa Leonsi

Kila mtu ana mtaji wake. Mtaji wa Leonsi wa kijiji cha Mollo ulikuwa tumboni, upande wa kushoto, na ulichomoza kila alipokohoa.

Aliupata kwa Siasa, maksai wa kijiji, alipokuwa akimfunga nira kwenye shamba la ujamaa. Pembe haikutoboa ngozi, ila ndani nyama za tumbo zilichanika, na tangu hapo utumbo ukapata dirisha la kuchungulia. Mganga wa zahanati alimweleza wazi kwamba dawa yake si mizizi wala kukandwa, ni kushonwa hospitali, mjini Sumbawanga. Mwenyekiti wa kijiji, Marselino, akamhurumia: asiguse jembe la kijiji mpaka apone.

Mpaka apone. Maneno hayo yalimkaa Leonsi vizuri kuliko dawa yoyote. Mavuno yakigawanywa, yumo. Sasa akimbilie kisu cha nini? Mkewe Fransiska akimkumbusha hospitali, alisema barabara ina matope. Ikikauka, ina vumbi. Mwenyekiti akipita, Leonsi alikohoa, akafunua shati, uvimbe ukatoka kusalimia. Lakini alfajiri, baridi ikiwa bado imewabana wenzake kwenye blanketi, yeye alikuwa nyuma ya nyumba akipiga matuta yake mwenyewe kama kijana anayetafuta mchumba.

Tamaa ndiyo iliyomfilisi. Jioni moja alijitwika gunia zima la ulezi wake, uvimbe ukatoka, ukagoma kurudi. Ukawa mgumu kama jiwe. Akatapika, akagaagaa. Waliosikia kilio ni wale wale waliokuwa wakirudi kutoka shamba la kijiji. Walimlaza kitandani, wakakibeba kitanda mpaka barabarani kusubiri lori. Njiani jirani yake Alois alitaka kujua mtu asiyelima huo uzito anautoa wapi.

Hospitalini, Daktari Mbonile, mtu wa Mbeya asiyependa hadithi ndefu, alimwambia utumbo umenaswa. Asipopasuliwa sasa hivi utaoza, na mwenyewe atafuata. Leonsi, jasho linamtiririka, bado alikuwa sokoni.

"Daktari, huwezi kuniachia kidogo? Kama limau tu."

"Nikikuachia hicho kidogo, baba, utazikwa nacho."

Akapigwa nusukaputi. Utumbo ukarudishwa kwake, nyama zilizochanika zikavutwa, zikakutanishwa, zikashonwa. Alipozinduka, alipapasa tumbo kabla hata ya kuuliza kama yu hai. Bapa. Alipoambiwa asinyanyue kizito kwa miezi kadhaa, nuru ilimrudia usoni, akaanza kuomba aongezewe.

Miezi nayo huisha. Marselino alimjia nyumbani, akamtaka akohoe. Leonsi alikohoa kwa moyo wote, kuku wakatawanyika uani. Tumboni hakikutoka kitu. Kovu tu, limenyooka kama mtaro.

Kesho yake shambani akakabidhiwa nira. Aliomba walau apewe maksai mwingine.

"Mchukue Siasa," mwenyekiti akasema. "Ninyi mmeshazoeana."