Bega la Babu na Nishani za Jenerali

Nilipaswa kukataa siku ile tajiri wangu aliponitaka niwaambie wageni wake kwamba babu yangu alikuwa askari. Sikukataa. Nilikuwa nimeshika dele la kahawa, nikacheka, nikasema, "Haya, bosi."

Nilikuwa dereva wake hapa Doha, na Ijumaa baada ya sala nikiwamiminia wageni kahawa katika majlisi, sebule yake ya kupokelea wageni. Kazi ile niliipenda. Tajiri alikuwa mtu wa utani, tena mpenzi wa vitu vya vita. Ukutani aliweka sanduku la kioo lenye nishani za jenerali wa Kijerumani aliyepigana kwetu katika vita vya kwanza vya dunia. Zilikuwa za kuiga, na hakumficha mtu. Alizieleza kwa kidole: huu msalaba mweusi wa chuma, daraja la pili, huu daraja la kwanza, na huu wa buluu, wa kuvaa shingoni, ndio mkubwa kuliko yote. Alisimulia jinsi yule bwana alivyoanza akiwa luteni kijana, akapanda cheo baada ya cheo, akarudi kwao akiwa jenerali na kupokewa kwa shangwe.

Nilikuwa nimemwambia tajiri kwamba babu yangu alikuwa katika msafara wa jenerali yule. Ni kweli, lakini alikuwa mpagazi. Alichukuliwa shambani, akabebeshwa masanduku ya risasi hadi begani pakaota sugu ngumu kama kisigino.

"Mpagazi hana hadithi," tajiri alisema. "Askari ndiye ana hadithi."

Basi nikawapa askari. Nikampa babu bunduki, nikampa kofia, na wageni walipoipenda hadithi nikamwongezea tarumbeta. Mmoja akauliza, "Na yeye alipata nishani?" Nikajibu, "Ilipotea mtoni." Wakasikitika kweli kweli. Nilifurahi, siwezi kudanganya.

Dereva mwenzangu wa Tanga alinirekodi kwa simu, akaituma video nyumbani kwa kujivunia. Video ikamfikia kaka yangu. Yeye ndiye aliyekuwa akimpaka babu mafuta ya nazi begani kila jioni, tangu akiwa mdogo hadi tulipomzika. Akanipigia.

"Wewe mdogo wangu, babu alishika bunduki lini?"

"Kaka, ni mazungumzo tu ya majlisi."

"Na tarumbeta?"

Nikacheka. Nilidhani naye atacheka.

"Lile bega nimelipaka mafuta kwa mkono wangu," akasema. "Umelifuta mbele ya watu. Basi katafute ndugu hukohuko majlisi."

Akakata. Nilimpigia siku iliyofuata, na Idi, na Idi nyingine. Nilimtumia salamu kupitia kwa shemeji, zikarudi bila jibu. Kwenye majlisi sikurudia tena hadithi ile, lakini kwa wageni wale sikuisahihisha.

Sasa ninaishi kwa binti yangu, Al Wukair, nje kidogo ya Doha, na maisha ni mazuri. Asubuhi nawasindikiza wajukuu hadi kwenye basi la shule, jioni tunakunywa chai ya tangawizi barazani. Wakiniuliza habari za babu yangu, nawaambia alikuwa mpagazi, nawaonyesha begani pangu mahali ilipokuwa sugu yake. Wananigusa, wanacheka, wanauliza kama iliuma.

Kaka hakulisikia hilo. Alifariki bila kupokea simu yangu hata moja. Kwa kumpa babu bunduki ambayo hakuishika kamwe, nilimpoteza ndugu yangu wa pekee.