Jina la Picha ya Ng'ombe wa Mama

Mimi huandika programu za simu katika chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, Litein, na sioni haya kusema naijua kazi yangu. Lakini programu ya kwanza niliyokiandikia chama chetu cha maziwa iliniaibisha, tena mbele ya mama mzazi.

Kila mwanachama alitakiwa kupiga picha moja ya ng'ombe wake wote pamoja. Jina la kila picha nililiunda kwa namba ya boma na tarehe, basi. Nikajiona mjanja. Nilisahau, mimi Mkipsigis wa kuzaliwa, kwamba kwetu si ng'ombe wako wote wanaolala kwako. Mmoja unampelekea rafiki akutunzie. Yeye anakunywa maziwa, ng'ombe anabaki wako.

Marehemu baba alikuwa ameweka wetu kwa mzee rafiki yake, upande wa Fort Ternan. Mama alikwenda huko na simu, akampiga picha. Mzee naye akaomba wake apigwe. Boma moja, siku moja, jina moja: picha ya pili ikaifuta ya kwanza.

"Ng'ombe yangu haiko hapa," mama aliniambia aliporudi.

"Ulibonyeza vibaya, mama."

Akaniwekea simu mkononi nijionee. Nilipochungulia na kuona kosa ni langu, nilikasirika hata chai ikanishinda. Nikaandika upya: simu iipe kila picha jina refu la herufi na tarakimu za kubahatisha, na ikikuta jina hilo lipo, iunde lingine. Mama akaliangalia, akauliza nani atasoma kitu kama hicho. Nikamwambia halisomwi, kazi yake ni kutofanana na lingine lolote. Nikamwomba radhi pia. Akarudi Fort Ternan kupiga tena.

Mwaka uliofuata mzee akafariki, na wanawe wakaketi kugawana mifugo, nasi tukaenda kumdai wetu. Kifungua mimba akasema ng'ombe yule ni wao, amezaliwa palepale. Walioshuhudia makubaliano walikuwa wawili tu, baba na mzee, na wote wamezikwa. Mama akanipa simu mbele ya watu. Nikatafuta kwa hofu, maana kama picha imefutwa tena, ng'ombe wa baba amekwenda hivyo.

Ilikuwepo. Mzee ameshika kamba ya ng'ombe wetu, anacheka, na chini ya picha, pale pa maelezo, kuna maneno aliyoandika mwenyewe kwa kidole kimoja: ya rafiki yangu, mimi natunza tu.

Kifungua mimba aliichukua simu, akasoma.

"Dada, unaweza kunitumia hii? Hatuna ingine ya baba akicheka."

Nikamtumia. Akainuka, akaenda kumfungua ng'ombe yeye mwenyewe, akatukabidhi.

Njiani mama alimsimulia kila tuliyekutana naye jinsi msichana wake alivyotengeneza majina yasiyofanana. Alieleza vibaya, karibu kila kitu alikikosea. Sikumrekebisha hata mara moja.