Simu Iliyokataa Kusahau

Watu walimwita Fundi Sahau, na wala hakuwa msahaulifu. Alikuwa na kumbukumbu ya kuudhi: angekutajia kioo alichokubadilishia miaka mitatu iliyopita na kijembe ulichompiga siku hiyo hiyo. Jina alilipatia kazini. Simu za mitumba zilizokuwa bado zimefungwa kwa akaunti ya mwenyewe wa zamani, zile zinazowaka na kukuuliza neno la siri la mtu usiyemjua, yeye ndiye aliyezisahaulisha. Zikitoka mezani kwake zilikuwa hazimkumbuki mtu yeyote.

Meza hiyo ilikuwa ghorofa ya kwanza, kwenye ushoroba mwembamba wenye vibanda vya simu huku na huku. Juu yake kulikuwa na taa yenye shingo ndefu, vibano, mswaki wa zamani wa kusafishia, kompyuta iliyofutika herufi mbili kwenye vitufe, na bati la biskuti lenye kifuniko kigumu. Bati hilo lilikuwa jela. Simu za siku hizi ni wambea: hata bila laini hunong'onezana na simu zilizo karibu, na mwenyewe aliye mbali akaona kwenye ramani mali yake imelala wapi. Kwa hiyo Sahau alijiwekea sheria mbili. Simu iliyofungwa haikai nje ya bati, lisilopitisha mawimbi, ila anapoishughulikia. Na simu iliyofungwa haiendi nyumbani.

Nyingine alizifungua kwa kompyuta. Zilizokaidi alikuwa na dawa yake. Kama mwenyewe ameacha nambari kwenye kioo, ili aliyeiokota apige, Sahau alimtumia meseji kama vile yeye ndiye kampuni: "Ndugu mteja, simu yako imeonekana. Bonyeza hapa uone ilipo." Mtu akibonyeza, ulifunguka ukurasa wenye kisanduku kimoja cha kuandika neno la siri, na alichoandika kikatua moja kwa moja kwenye kompyuta ya Sahau. Kazi kwisha. Ukimuuliza kama huo si wizi, alikuja juu.

"Mimi nimeiba nini? Aliyeiba ni aliyeiba. Mimi nafungua tu."

Alilisema hilo mara nyingi kuliko angelisema mtu mwenye amani nalo. Na mimi sitamtetea, ingawa alikuwa na mema yake. Baba yao alipofariki, mdogo wake alikuwa bado ananyonya, na Sahau ndiye aliyembeba, akamsomesha, akamtafutia kazi ya kuendesha pikapu ya kusambaza maji ya chupa madukani. Mama yao alizoea kuwaambia majirani kwamba yeye alimzaa tu yule wa pili, mlezi ni kaka mtu.

Mdogo huyo ndiye aliyeleta simu. Alipanda ngazi Jumatatu moja asubuhi, akasimama mbele ya meza kama mteja mgeni, akaitoa mfukoni ikiwa imeviringishwa kwenye soksi.

"Kaka, nimeuziwa hii na jamaa mmoja stendi. Imefungwa. Nifungulie."

"Na soksi nayo umeuziwa?"

Mdogo wake hakucheka. Kwa kawaida angecheka mpaka wa vibanda vya jirani wachungulie. "Nifungulie tu, kaka. Nataka kujua ni ya nani."

Neno hilo lilimkaa Sahau vibaya. Kwa miaka yote aliyofanya kazi ile, hakuna mnunuzi wa simu ya mtumba aliyewahi kutaka kujua ni ya nani. Wote walitaka kinyume chake.

Mdogo wake alipoondoka, Sahau aliiweka chini ya taa. Simu iliyoponyoka mkononi hupasuka pembeni. Hii ilikuwa imepasuka katikati, na mgongo wake ulikwanguka mistari mirefu ya upande mmoja. Kwenye tundu la chaji alichokonoa kwa sindano akatoa vipunje vyeusi vya lami. Akavitandaza kwenye karatasi nyeupe akavitazama. Hapo akakumbuka taa ya mbele ya pikapu, ya kushoto, mpya, ambayo mdogo wake alisema aliibadilisha baada ya kugonga nguzo ya geti. Hiyo ilikuwa siku kumi zilizopita. Na tangu hapo kijana alikuwa akisukuma sahani yake mbele bila kuigusa, akisema amekula huko huko njiani.

Aliiwasha kwa dakika moja. Kioo kikaandika: "Simu hii ni ya mwanangu. Uliyeiokota, nakushukuru. Nipigie." Chini palikuwa na nambari.

Mtu mwingine angepiga. Sahau aliogopa, nitasema wazi, aliogopa atakachoambiwa. Akafanya alichozoea kukifanya. Aliirudisha simu kwenye bati, akatuma meseji ya "Ndugu mteja", akasubiri neno la siri. Alijipangia hivi: likifika tu, ataifuta simu yote, ataiuza mbali, na mambo ya taa na lami yatakuwa hayajatokea. Mdogo wake atabaki mdogo wake.

Jibu lilifika Jumatano mchana. Alifungua kompyuta na kusoma kilichoandikwa kwenye kisanduku: "niambieni alipo".

Akadhani mtu huyo hajui kutumia simu. Baada ya robo saa likaja la pili: "mimi ni mama yake je yuko na nyinyi". Kisanduku kile hakikutengenezwa kupokea mazungumzo, lakini yule mama hakujua, au alijua na hakujali. Alhamisi likaja la tatu: "hata kama ni mgonjwa sana niambieni tu nije". Dada wa kibanda cha jirani, muuza makava ya simu, alimuuliza mbona uso umemsawajika, naye akasema ni tumbo.

Ijumaa jioni, wakati wenzake wanashusha milango ya vibanda, kiliingia kitu kifupi. Herufi tano na tarakimu nne, mwaka wa kuzaliwa wa mtu wa umri kama wa mdogo wake. Hilo lilikuwa neno la siri lenyewe.

Sahau alikaa nalo. Ufunguo alikuwa nao. Kazi iliyobaki ilikuwa ya dakika mbili. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta, akakitoa. Akajiambia atamuuliza kwanza mdogo wake, ana kwa ana, simu ikiwa katikati yao, maana kijana huyo akiulizwa kwa maneno matupu hukupiga chenga. Ndipo akavunja sheria yake ya pili. Akaifunga simu kwenye bati, bati akalitia kwenye mfuko, akaenda nalo nyumbani.

Kumbe mdogo wake amepelekwa safari ya mbali na mzigo, hatarudi mpaka Jumapili. Sahau akaliweka bati juu ya kabati la vyombo. Jumamosi ikapita, kila mlango ukigonga anaruka. Jumapili asubuhi alitoka kwenda mezani kwake, akidai ana kazi ya haraka. Hakuwa na kazi yoyote. Alishindwa tu kukaa chumba kimoja na lile bati.

Aliporudi alasiri alikuta viatu vya kike mlangoni, vimechakaa kisigino, vimepangwa vizuri.

Ndani, mama yake alikuwa ameketi na mgeni, mwanamke wa umri wake, aliyekumbatia mkoba magotini. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya chai na picha ya kijana anayetabasamu. Na dirishani, kwenye waya wa chaji, simu ilikuwa inawaka.

"Mwanangu," mama yake alisema, "nilifungua bati nikadhani umeleta biskuti. Nikakuta simu imezima, nikasema huyu naye, fundi wa simu analaza simu bila chaji! Nikaichomeka tangu asubuhi. Mwenyewe ndiye huyu, amekuja. Dunia ina mambo."

Alikuwa na furaha ya mtu aliyetenda wema. Sahau akashika mlango.

"Shikamoo, mama," akamwambia mgeni.

"Marahaba, baba." Sauti ilikuwa ya chini, haina ugomvi. "Wewe ndiye uliyeniandikia? Ulisema nibonyeze nione ilipo. Nilibonyeza, sikuona kitu. Leo saa nne mtoto wa dada yangu akaangalia ramani yake, ndiyo ikaonekana. Hapa hapa kwenye nyumba yenu."

Sahau aliitazama simu pale dirishani.

"Neno la siri nilikupa," mgeni aliendelea. "Mtoto wa dada yangu alinikataza, akasema hao ni matapeli. Nikasema sawa, ni matapeli, lakini hata tapeli akipata anachotaka, huenda akanijibu. Hukunijibu."

"Mama, mimi ni fundi tu. Watu huniletea—"

"Mwanangu alitoka alfajiri kwenda kazini kwa miguu. Leo ni siku ya kumi na sita. Siku ile simu ilionekana mara moja, ikienda kasi barabara kuu, halafu ikazimika. Mwanangu hatembei kasi hivyo. Polisi wakasema basi, kaibiwa simu, mwenyewe atajirudia. Hawakutafuta." Akaisogeza picha kidogo, ikawa katikati ya meza. "Simu chukueni. Mimi sikuja kwa simu. Nani aliwaletea?"

Mama yake Sahau aliacha kutabasamu. Alimtazama mwanawe, akaiangalia simu, akamtazama tena. Mwanamke aliyezaa watoto wawili hahitaji kuelezwa mara mbili.

"Jibu," akasema. "Nani aliileta?"

Yeye alimbeba mdogo wake mgongoni, na mama huyu naye alimbeba mwanawe mgongoni vilevile. Sahau aliliona hilo wazi siku ile, akalichukia. Akafungua mdomo. Mimi naamini alikuwa anakwenda kudanganya. Angesema ni mteja, hamjui, hakuacha jina. Uongo ulikuwa umeshafika kwenye ulimi, mzima kabisa.

Nje, pikapu iliingia uani. Injini ikazimwa, mlango wa gari ukabamizwa, na mdogo wake akaingia anapangusa vumbi usoni kwa fulana. Hakuna aliyemsalimia. Hakuna aliyemwambia mgeni ni nani wala amefuata nini. Kijana alimwona mwanamke, akaiona picha mezani, na fulana ikabaki mkononi hapo hapo alipoifikisha.

"Kwani hawajamwona?" alisema. "Pale mtaroni, kwenye kona ya machimbo. Nilijua watu wa kwanza kupita watamwona."

Mdogo wake alimgeukia Sahau, akitafuta usoni kwake kitu alichozoea kukipata tangu utotoni, na Sahau akatazama sakafu.

"Alikuwa hai?" mgeni aliuliza.

Kijana aliteleza ukutani mpaka chini. "Alikuwa anaita," akasema. "Nilisimama mbele kidogo. Nilimsikia anaita. Nikaondoka. Simu niliikuta jioni, imenasa chini ya bampa la mbele."

Mgeni alisimama. Ilimchukua muda, na hakuna aliyethubutu kumshika mkono. Akaichukua picha mezani, akaipangusa kwa kiganja ingawa haikuwa na vumbi, akautia mkoba begani.

"Inuka," akamwambia kijana. "Twende ukanionyeshe."

Kijana akainuka. Mama yao naye alikuwa amesimama, amekwenda dirishani bila kujua anafuata nini. Akaichomoa simu kwenye waya, akaishika kwa mikono miwili, akampelekea yule mwanamke mlangoni.

"Imejaa chaji," akasema, kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa.