Mwenyekiti wa Wapweke

Msinicheke mapema, ngojeni nimalize, maana hii aibu nimeibeba tangu miaka ya tisini na hata leo nikipita mtaa wa Ziwani, Nairobi, kuna mama muuza sukuma wiki ambaye akiniona anaita, "Mwenyekiti, majani chai uliyapata?" na mimi nakaza mwendo kama sijasikia.

Nilikuwa mwenyekiti wa Kamati ya Kutembelea Wapweke. Tuliianzisha watu wanane baada ya ibada, tukiwa tumeona estate imejaa watu wanaokaa peke yao, wazee wasiosalimiwa na mtu, akina mama waliotolewa mashambani wakaja kukaa na kuta, tukasema hapana, lazima mtu aongoze, na huyo mtu nikawa mimi. Jameni, tulikuwa na muhuri kabla hatujatembelea mtu hata mmoja! Tulikuwa na kipaza sauti cha kuazima kanisani, vikao Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na baada ya kikao kulikuwa na kamati ndogo ya kuzungumzia kikao, kwa hivyo mimi nikitoka kazini (nilikuwa karani wa bohari huko Industrial Area) sikupitia nyumbani, nilienda moja kwa moja kupambana na upweke.

Kazi ilikuwa hivi. Dukani tuliweka debe lenye tundu, na yeyote anayemjua mpweke anaandika namba ya nyumba na maneno mawili matatu, anatumbukiza. Katibu wetu, Mama Nekesa, anafungua, anachagua karatasi moja, na Jumamosi tunaenda huko na mkate, sukari na kwaya nzima. Sasa kosa langu lilikuwa dogo tu: watu walianza kunong'ona ati tunatembelea Wakamba peke yao kwa sababu mimi ni Mkamba, nami nikasimama nikapitisha kanuni kwamba mwenyekiti asionyeshwe karatasi kabla ya siku yenyewe. Nilipigiwa makofi. Nilipenda sana makofi.

Ijumaa moja Mama Nekesa akanifuata mpaka nje.

"Mwenyekiti, hii ya kesho ningeomba uiangalie kidogo."

"Mama Nekesa, kanuni ni kanuni."

"Lakini Baba Mwende..."

"Hapa mimi si Baba Mwende, mimi ni mwenyekiti!"

Akanitazama, akasema haya, akaitia karatasi kwa mkoba. (Haki ya Mungu, ningeiona hiyo karatasi, ile Jumamosi ningeugua malaria.)

Kesho yake tulikutana uwanjani, watu kibao, na pasta mgeni tuliyemwalika aje aone tunavyofanya kazi. Mama Nekesa akasoma ile karatasi, akaruka namba ya nyumba: "Mimi naomba mnitembelee. Mtoto wangu yuko shule ya boarding. Nina mume lakini naongea na redio."

Wacha nishike kipaza sauti! Niliwaka. Nikauliza huyo ni mwanaume wa aina gani, mke anaongea na redio na yeye anazurura, na nikaapa mbele ya pasta kwamba tukimpata, leo hii atatupikia chai kwa mikono yake mwenyewe, tuone kama hata anajua jiko liko wapi. Watu wakapiga vigelegele. Pasta akaandika kitu kwa daftari.

Tukaondoka tukiimba, mimi mbele, Mama Nekesa kando yangu akinielekeza, kushoto, kulia, kulia tena. Tulipoingia upande wetu nikawaza, kumbe ni jirani yangu! Nikaanza kumshuku fundi mmoja wa viatu anayefanya kazi Kariokor, ana nyumba inayotazamana na yangu, nikamwelekezea kipaza sauti dirishani: "Toka nje wewe, usijifiche!" Fundi akatoka na mkewe na watoto wanne, wote wakitafuna mahindi, wakatushangaa.

Mama Nekesa akasimama kwenye mlango wa buluu. Ule mlango niliupaka rangi mimi.

Kwaya ikanyamaza mmoja mmoja. Mlango ukafunguka, na mke wangu, Mama Mwende, alikuwa amevaa gauni la Jumapili, nywele amesuka upya, vikombe vimepangwa mezani, vingine vya kuazima. Akamsalimu pasta, akawasalimu wote, halafu akaniona na kipaza sauti changu.

"Na wewe, mwenyekiti, karibu. Jisikie nyumbani."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema labda tuanze na maombi, lakini yule mama wa sukuma wiki akapiga kelele kutoka nyuma, "Chai kwanza!" na pasta (mtu wa Mungu, jamani) akafungua daftari akasema ni kweli, chai iliahidiwa.

Stovu niliiwasha. Majani sasa. Nikafungua kopo, chumvi. Nikafungua la pili, vifungo na uzi. La tatu lilikuwa na barua za Mwende kutoka shuleni, rundo zima, na sikuwa nimesoma hata moja. Nilibaki nimelishika tu, watu wamejaa mlangoni wananitazama.

"Ni lile jekundu, nyuma ya mtungi wa maji!" mama wa sukuma wiki akaniambia. Yeye alijua. Nafikiri hata fundi alijua.

Walikunywa chai (mbaya sana), wakaimba, wakaenda zao. Mimi nikajifanya nimekasirika.

"Si ungeniambia tu, badala ya kuniaibisha hivi?"

"Nilikuambia," akasema, akikusanya vikombe. "Mara mbili. Ukaniambia nilete kwenye kikao. Nikaona, Kamati ikija, mwenyekiti hawezi kukosa."

Nikachukua kitambaa nikapangusa vikombe, nikamuuliza ni vipi vya kuazima, maana sikuvijua.

Jumanne nilimpelekea Mama Nekesa kipaza sauti na muhuri, nikamwambia mimi basi, na tangu siku hiyo sijashika uenyekiti wa kitu chochote, hata wa mazishi. Akaniuliza, sasa wapweke tuwaachie nani? Nikamwambia watafute mwingine, mimi nina nyumba moja ya kutembelea, na kuna barua za muhula mzima ambazo Mama Mwende atanisomea.