Gawio la Jana

Marehemu kaka wa mpiga pasi alikuwa na tabia moja iliyomchosha kila muuza duka. Hakununua mkate kabla ya kuuliza, "Huu wa leo au wa jana?" Hata mkate ukiwa bado wa moto mkononi mwake, lazima aulize. Mtaani walimwita Bwana Maswali, naye akicheka tu. Alikuwa fundi wa lifti. Siku moja mwenzake alimwambia umeme umezimwa, na kwa mara moja katika maisha yake hakuuliza tena. Wakamtoa kwenye shimo la lifti akiwa maiti.

Aliacha binti anayenyonya na fidia kutoka kazini. Mama wa mtoto hakukawia kuolewa mbali, na ndugu walipokaa kikao, vyote viwili vikakabidhiwa kwa dada wa marehemu, mpiga pasi wa hospitali. Wakamwambia hela hii ni ya kumsomesha mtoto, isiguswe kwa shida nyingine yoyote. Akaapa mbele yao wote, na kiapo kile kikamganda mwilini kama ngozi ya pili.

Chumba cha kufulia kiko chini kabisa ya hospitali, hakina dirisha, na mvuke wake unamfuata mtu hadi nyumbani. Humo alinyoosha mashuka ya wagonjwa na sare za wauguzi, na sare alizipiga pasi kwa mapenzi ya ajabu. Kisa chake ni kwamba binti, tangu akiwa mdogo wa kukaa juu ya lundo la taulo, alikuwa akisema, "Shangazi, na mimi utaninyooshea yangu." Basi kila kola aliyoikunja aliiona shingoni mwa yule mtoto.

Na kaka mtu hakuondoka. Anayetaka kucheka acheke. Kila alasiri mpiga pasi alipoweka mkate mezani, alisikia mlangoni sauti ile ile ya puani ikiuliza, "Wa leo au wa jana?" Akigeuka, ni pazia tu. Mwanzoni alipiga mayowe. Baadaye alizoea, akawa anajibu kwa kunong'ona, "Wa leo, kaka," na mwili ukimsisimka vilevile. Mtoto hakumwambia neno, asije akashindwa kulala.

Binti alipokaribia kumaliza shule, ada ya chuo cha uuguzi ilikuwa imekimbia mbele na fidia iliyokuwa benki imebaki nyuma ikihema. Mpiga pasi akaenda kwa dalali wa hisa. Ukutani palikuwa na karatasi yenye majina ya kampuni na mifuko ya uwekezaji, na mbele ya kila jina asilimia ya gawio lake, yaani faida anayogawiwa mwekaji kwa mwaka. Juu kabisa, kampuni moja ya saruji: kumi na tisa. Chini, mfuko wa hati fungani, unaoikopesha serikali: tisa. Kwa mtu aliyeishi akitazama mshale wa joto la pasi, ambapo ukipanda ndipo shuka linanyooka, jibu lilikuwa wazi.

"Ya leo au ya jana?"

Aligeuka haraka. Hakuwahi kumsikia kaka yake nje ya nyumba.

"Niache nifanye kazi uliyoniachia!" akasema kwa hasira.

Karani wa dalali akainua kichwa. "Umesemaje, mama?"

"Sikusema na wewe. Nipe hiyo ya saruji."

"Mama, huu mfuko umetulia zaidi."

"Kati ya tisa na kumi na tisa, wewe mwanangu ungechukua ipi?"

Karani akajikuna kichwa, akamwandikia saruji. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mkuu wake alikuwa amesema naye sikioni kabisa.

Msimu wa gawio ukafika, gawio halikufika. Alirudi kwa dalali na jasho la kazini mgongoni, akatazama ukutani, akafurahi kama mjinga. Saruji ilikuwa imefika thelathini na moja!

"Mama, kaa kwanza," karani akasema. "Hapo wamechukua gawio la mwaka jana wakaligawa kwa bei ya leo. Bei ikianguka, asilimia inapanda yenyewe. Ilipokuwa kumi na tisa, hisa ilikuwa imeshaanza kuporomoka. Mwaka huu bodi imeamua kutolipa kabisa."

"Kwa hiyo hii thelathini na moja ni ya nini?"

"Ya pesa ambayo wenzako walishakula."

Alichoshika sasa kilikuwa chini ya theluthi mbili ya fidia. Hapo ndipo angepaswa kutulia, lakini aliyeumwa na hasara hutafuta dawa haraka. Aliona mfuko mwingine unaolipa kila mwezi, asilimia kumi na nne, akataka kuhamisha kilichobaki chote. Karani akamwambia binti ameshatimiza umri, sahihi yake inahitajika. Akarudi nyumbani akijua atamdanganya mtoto.

Binti alikuwa mezani akikata mkate. Alimsikiliza shangazi yake akisifia ile kumi na nne, kisha akauliza, taratibu, kwa sauti ya puani:

"Ni ya leo au ya jana?"

Mpiga pasi akashika ukuta. Mtoto yule hakuwa na kumbukumbu ya sauti ya baba yake, wala hakuwahi kusimuliwa habari ya mkate. Kisu kilikuwa mkononi mwake na macho yalikuwa yake mwenyewe, akishangaa kwa nini shangazi analia. Akamwambia yote, saruji, kiapo, hasara. Binti akamfuta uso kwa kitambaa cha meza.

Kesho yake walikwenda wote wawili. Binti aliuliza mpaka karani akavua miwani. Ile kumi na nne, ikabainika, sehemu kubwa ni mtaji wa mwekaji mwenyewe akirudishiwa kidogo kidogo. Mapato halisi hayakufika sita. Ile tisa ya hati fungani ilihesabiwa kwa mapato ya siku thelathini zilizopita, gharama zikishatolewa. Ingeweza kushuka, lakini ilikuwa tisa kweli. Wakauza saruji kwa hasara, wakaweka humo. Ingetosha ada ya mwaka wa kwanza. Ada iliyobaki ingetoka kwenye pasi.

Binti akaenda chuoni na sare iliyonyooshwa vizuri kuliko zote.

Alasiri ile mpiga pasi aliweka mkate mezani, akasubiri. Pazia lilitulia. Kesho yake vilevile, na wiki nzima. Alikuwa ameomba miaka mingi sauti ile imwache, na sasa nyumba ilimtisha kuliko zamani. Mwishowe akanunua mkate wa jana kwa makusudi, mgumu, akauweka pale pale, akageukia mlango.

"Kaka," akasema, "niulize basi."